Kiyoyozi cha Machi, Tokeni ya Juni

Mazungumzo kwa wakazi kuhusu matumizi ya stima nyumbani



Kaskazi inapoelekea kuisha, mwezi wa Machi, Mombasa haipoi hata usiku. Joto lenyewe halifikii la Garissa wala Lodwar. Kinachotesa ni fukuto: hewa imejaa unyevu, na jasho halikauki mwilini. Ndiyo maana kiyoyozi, ambacho zamani kilikuwa cha hoteli na ofisi, sasa kinaonekana hata kwenye nyumba za kupanga. Familia yenye mtoto mchanga au mzee mgonjwa haiwezi kulaumiwa kwa kukitafuta.

Mashine hii ilizaliwa kwa sababu ya unyevu. Mwaka 1902 mhandisi wa Marekani, Willis Carrier, aliibuni kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, ambako hewa yenye maji iliharibu kazi ya karatasi. Hadi leo, maji yanayodondoka kwenye bomba lake ni unyevu uliokamuliwa hewani, na kukamua huko kunakula stima. Anayeacha dirisha wazi kiyoyozi kikiwaka anajaribu kukausha upepo wa bahari nzima.

Hesabu yake ni hii. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hutumia takriban kilowati moja kompresa inapofanya kazi. Kwa saa nane za usiku, hizo ni yuniti 8. Kompresa ikipumzika nusu ya muda huo, ni yuniti 4, yaani 120 kwa mwezi. Feni ya dari ya wati 60, kwa saa hizo hizo, haifiki yuniti 15 mwezi mzima.

Lakini mzigo hauishii kwenye yuniti 120. Tangu Aprili 2023 bei ya stima ya nyumbani ina madaraja matatu: hadi yuniti 30 kwa mwezi, kutoka hapo hadi 100, na zaidi ya 100. Daraja hupangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Chukua nyumba iliyozoea yuniti 70. Machi inawasha kiyoyozi, inafika 190. Mvua za masika zinaanza, kinazimwa. Aprili 70, Mei 70. Wastani wa miezi hiyo ni 110. Basi Juni, upepo wa kusi ukivuma na kiyoyozi kimefunikwa kitambaa, tokeni bado inanunuliwa kwa bei ya daraja la juu, na yuniti za friji, taa na televisheni zote zimo. Wengi hapo huilaumu mita.

Kwa hiyo kazi ianze na nyumba. Waliojenga Mji wa Kale walitumia kuta nene za mawe ya matumbawe, chokaa nyeupe na dari za juu. Nyumba nyingi za sasa ni mabati bila dari, au vioo vipana vinavyotazama magharibi. Kivuli cha nje, kiwe mti, baraza au turubai, hushinda pazia la ndani, maana jua lililokwisha kupita kwenye kioo tayari limeingia chumbani.

Kiyoyozi kikihitajika, kipoze chumba kimoja cha kulala, kwenye nyuzi 26, feni ikisaidia. Chujio lisafishwe kila baada ya wiki mbili. Chumvi ya bahari nayo hula sehemu ya nje upesi. Kiwe na waya na swichi yake ya usalama, kamwe si kwenye waya wa kuunganisha. Dukani, mnunuzi atazame nyota kwenye lebo ya matumizi ya nishati kabla ya kutazama bei.

Ploti zenye mita moja zina tatizo gumu zaidi. Kiyoyozi cha mpangaji mmoja kinaweza kuipandisha mita nzima daraja, na jirani mwenye taa mbili na redio akalipia. Mita ndogo ya kila chumba huonyesha nani ametumia yuniti ngapi, lakini haionyeshi nani amepandisha bei. Mwenye nyumba na wapangaji wake wakubaliane kuhusu tofauti hiyo kabla fundi hajatoboa ukuta.