Dawa ya Nyoka Ipimwe kwa Nyoka Wetu

Maneno ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika za Bukoba na Muleba



Kununua dawa ya sumu ya nyoka kwa ajili ya zahanati ni jambo jema. Anayeumwa na kifutu akikata nyasi za kutandaza migombani aweza kupoteza mguu au maisha. Lakini tusitazame bei tu.

Dawa hii hutokana na damu ya farasi aliyedungwa sumu kidogo kidogo. Huzuia sumu ya nyoka waliotumika kuitengeneza na jamaa zao wa karibu. Iliyotengenezwa kwa nyoka wa India haiwezi kutegemewa kwa kifutu au swila wa kwetu.

Hupimwa hivi: sumu huchanganywa na dawa, huachwa nusu saa katika joto la mwili, kisha panya hudungwa. Hutazamwa ni kiasi gani cha dawa kinachookoa nusu yao. Mwaka 2017 watafiti wa Liverpool na wenzao wa Kenya walitangaza kwamba baadhi ya dawa zilizopatikana Kenya zilishindwa na sumu za nyoka kadhaa wa Afrika Mashariki.

Basi kabla ya kununua tuulize: imepimwa kwa nyoka gani? Nani aliyepima? Mgonjwa mmoja huhitaji chupa ngapi?

Tena kila usharika utenge nauli ya dharura, mgonjwa afikishwe hospitali mapema. Jeraha lisichanjwe, wala mguu usikazwe kamba. Fedha ya sadaka inunue dawa inayoponya.