Tiketi Imelipiwa, Ugonjwa Umezuka: Tusafiri au Tusitishe?

Haya ni mazungumzo ya afisa wa afya ya umma na wakazi wa Mogogosiek, Kaunti Ndogo ya Konoin. Yamechapishwa kwa manufaa ya wananchi wote wa Kaunti ya Bomet.



Najua leo ni siku ya kupeleka majani kituoni, na wengine wenu mmeacha vikapu kwa jirani ili mje hapa. Kwa hivyo nitasema lililonileta bila kuzunguka.

Zamani suala la ndege lilikuwa la watu wa Nairobi. Siku hizi ukipita kutoka hapa hadi Kapset, hutakosa boma lenye mtoto anayesoma ng'ambo, au binti anayefanya kazi nchi za Ghuba, au mwanariadha anayealikwa mashindano Ulaya. Tiketi ya mtu huyo haikutoka hewani. Imetoka kwa bonasi ya chai, kwa mkopo wa sacco, kwa ng'ombe aliyeuzwa, na mara nyingi kwa harambee. Halafu wiki mbili kabla ya safari, redio inatangaza kwamba kuna mlipuko wa ugonjwa katika nchi anayokwenda, au katika nchi ambako ndege itatua kubadilisha abiria. Simu zinaanza kulia. Shangazi anasema asiende. Ajenti anasema pesa hazirudi. Mtoto mwenyewe analia kwamba nafasi yake itapotea.

Kuna wazazi walioniuliza: Daktari, tufute au tusifute? Kwanza mimi si daktari, ni afisa wa afya ya umma. Pili, sitawajibu kwa neno moja, kwa sababu jibu la ugonjwa mmoja si jibu la mwingine. Lakini kuna maswali manne ambayo kila familia inaweza kujiuliza ikiwa imeketi mezani, na mkiyajibu kwa utaratibu, uamuzi utajitokeza wenyewe.

Swali la kwanza: ugonjwa huu unaambukizwa vipi?

Ebola na Marburg huogopwa sana, na ni haki ziogopwe, kwa maana zinaua. Lakini hazisambai kwa hewa kama Korona. Mtu huzipata kwa kugusa damu, matapishi, jasho au majimaji mengine ya mgonjwa, au ya maiti, au vitu vilivyochafuliwa nayo. Na mtu aliyeambukizwa haambukizi wengine kabla hajaanza kuonyesha dalili. Dalili hutokea kati ya siku 2 na siku 21. Ndiyo maana wanaoingia katika hatari kubwa ni wanaomuuguza mgonjwa, wanaoosha maiti, na wahudumu wa hospitali. Mwaka 2024 Marburg ilipozuka Rwanda, watu 66 waliugua na 15 wakafariki, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Mlipuko ulitangazwa Septemba, na tarehe 20 Desemba mwaka huo huo ukatangazwa kuwa umekwisha.

Kipindupindu nacho huja kwa maji na chakula kichafu. Mpox huja zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi. Homa ya manjano huletwa na mbu, nayo ina chanjo. Korona ndiyo iliyotufundisha ugonjwa wa hewa ulivyo: ukikaa ndani ya chumba na mgonjwa, umeshavuta alichotoa. Kwa hivyo ukisikia neno "mlipuko", usiishie hapo. Uliza ni mlipuko wa nini.

Swali la pili: uko wapi hasa?

Mwaka 2014 Ebola ilikuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone. Kutoka Nairobi hadi Monrovia ni zaidi ya kilomita 5,000. Kenya haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Hata hivyo, baadhi ya watalii walifuta safari za kuja Afrika Mashariki, kwa sababu walisikia "Afrika" wakaona ni kijiji kimoja. Sisi tuliumia kwa kosa hilo. Basi tusilifanye kwa wengine. Nchi ni kubwa. Mlipuko ukiwa katika wilaya moja ya Kongo haimaanishi kwamba kila mji wa Kongo hauendeki.

Lakini pia ugonjwa hupanda ndege. Tarehe 20 Julai 2014 abiria mmoja kutoka Liberia alitua Lagos akiwa tayari mgonjwa. Kutokana naye, watu wakafika 20 waliougua Nigeria, na 8 wakafariki, akiwemo daktari aliyesimama imara asiruhusiwe kutoka hospitalini. Nigeria iliwafuatilia waliokutana na wagonjwa mmoja mmoja, na ilipofika Oktoba ikatangazwa kuwa salama. Mwezi Agosti mwaka huo shirika letu la Kenya Airways lilisimamisha safari za Monrovia na Freetown, ingawa Shirika la Afya Duniani halikuwa limependekeza marufuku ya jumla ya usafiri. Shikeni jambo hilo, kwa sababu linatupeleka kwenye swali la tatu.

Swali la tatu: ni nani anayeweza kufunga njia, na akiifunga nitakuwa wapi?

Mara nyingi familia hufikiria ugonjwa tu. Lakini wengi waliotaabika mwaka 2020 hawakuugua. Walifungiwa. Kumbukeni mpangilio wenyewe. Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona. Tarehe 25 Machi ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Ni siku 12 tu. Waliotua siku za mwisho walipelekwa karantini, na gharama ilikuwa yao wenyewe. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, hata mtu wa Konoin mwenye shughuli halali uwanjani angehitaji kibali kupita kizuizini. Nairobi ilifunguliwa Julai, na ndege za kimataifa zikarejea tarehe 1 Agosti.

Kwa hivyo jiulizeni: nikifika na njia ifungwe, nina mahali pa kulala kwa miezi minne? Visa yangu itaniruhusu kukaa? Mwajiri au chuo kitanihudumia? Mwanafunzi aliye na chumba cha chuo ana jibu tofauti na mtu anayekwenda harusi kwa wiki moja akiwa na pesa za wiki moja. Wa kwanza pengine aende. Wa pili afikirie mara mbili, hata kama ugonjwa wenyewe uko mbali na mji anaokwenda.

Na mara nyingine njia haifungwi kabisa. Januari 2025 Uganda ilitangaza Ebola mjini Kampala, mlango wa pili tu kutoka kwetu. Walioambukizwa walihesabiwa 14, wanne wakafariki, na Aprili ukatangazwa mwisho wake. Shirika la Afya Duniani halikupendekeza kuzuia usafiri. Mtu aliyefuta safari ya Entebbe siku ya kwanza kwa hofu alipoteza nauli ambayo pengine hakuhitaji kuipoteza.

Swali la nne: nani akifuta, pesa zinakwenda wapi?

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo mkopo wa sacco unapoteketea. Kufuta kuna pande mbili. Ukifuta wewe, unahukumiwa na masharti ya tiketi yako, na tiketi za bei nafuu nyingi husema pesa hazirudi. Shirika la ndege likifuta lenyewe, mambo hugeuka: kwa kawaida unastahili kurudishiwa nauli au kupewa safari nyingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya inasema hivyo kwa ndege zinazoondoka katika nchi zake, na kwa ndege za mashirika ya huko zinazokwenda Ulaya. Marekani nayo iliyakumbusha mashirika mwezi Aprili 2020 kwamba abiria ambaye safari yake imefutwa na shirika ana haki ya kurudishiwa pesa.

Maana yake ni nini kwa mama aliye hapa Mogogosiek? Usikimbilie kufuta siku ya kwanza ya tangazo. Mara nyingi mlipuko unapokua, mashirika hulegeza masharti na kuruhusu abiria kubadilisha tarehe bila faini, au hufuta yenyewe. Aliyesubiri hupata alichonyimwa aliyekimbia. Lakini usisubiri hadi ndege iondoke. Ukikosa kutokea uwanjani bila kutoa taarifa, unaweza kupoteza nauli yote, pamoja na ya kurudi. Wekeni tarehe yenu ya mwisho ya kuamua, tuseme siku tatu kabla ya safari, na muiandike kwenye kalenda.

Kabla ya tarehe hiyo fanyeni kazi ndogo ndogo. Someni masharti ya tiketi, au mpeni kijana anayejua ayasome. Kama mlinunua kwa ajenti, hakikisheni nambari yenu ya simu imo kwenye tiketi, kwa sababu shirika likifuta safari, ujumbe unaweza kwenda kwa ajenti pekee. Tunzeni risiti na ujumbe wa malipo ya simu. Mkipewa vocha, ulizeni inaisha lini na kama mnaweza kudai pesa taslimu badala yake. Ulizeni pia kama kodi za uwanja wa ndege zinarudishwa hata pale nauli hairudi. Na bima ya usafiri inunuliwe mapema, siku mnayonunua tiketi. Bima inayonunuliwa baada ya mlipuko kutangazwa kwa kawaida hailipi hasara ya mlipuko huo, na hofu peke yake si sababu ambayo bima nyingi hukubali.

Hayo ndiyo maswali manne. Sasa kuna mambo ambayo hayana mjadala.

Kama una homa, unatapika, unaharisha au una upele usioeleweka, usipande ndege. Kama umemuuguza mtu mwenye Ebola au Marburg, au umehudhuria mazishi yake, usisafiri kabla siku 21 hazijaisha, na ujulishe kituo cha afya. Usinywe dawa ya kushusha homa ili upite kwenye kipima joto cha uwanjani. Anayefanya hivyo hamdanganyi afisa. Anamdanganya mama yake anayemngoja nyumbani kwa kumkumbatia.

Mama mjamzito, mtoto mchanga, na mzee mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo, waende kwanza hospitali wazungumze na daktari. Safari inayomfaa kijana wa miaka 22 inaweza isimfae nyanya yake.

Na wanaokwenda nchi zinazohitaji chanjo ya homa ya manjano wakumbuke kwamba cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Ukichanjwa leo na ndege ni kesho kutwa, cheti hakitakusaidia.

Sasa niseme jambo ambalo halimo katika vitabu vya afya, lakini nimeliona katika vijiji vyetu. Kinachofanya watu wetu waamue vibaya mara nyingi ni aibu, kuliko ujinga. Harambee imefanywa, watu wametoa, mchungaji ameombea safari. Kijana anaona afadhali aende akiwa mgonjwa kuliko arudi kijijini kuulizwa, "Kwani hukwenda?" Mzazi naye anaogopa kusema pesa za watu zimekwama kwenye vocha.

Wazee, hilo liko mikononi mwenu. Siku ya harambee, mwenyekiti aseme wazi mbele ya watu kwamba safari inaweza kuahirishwa, na kwamba pesa zitawekwa kwa akaunti hadi tarehe mpya. Mtu akijua hivyo, hatalazimika kuchagua kati ya afya yake na heshima yake.

Vivyo hivyo kwa watoto wetu walio ng'ambo. Kukiwa na msiba au harusi huku, tusiwapigie simu kwa hasira kwamba hawatupendi wasipokuja. Huenda yule aliyebaki kule amekaa kwa sababu anatupenda. Tumtumie picha, tumpigie simu ya video, tumwekee nafasi yake ya kuongea.

Habari mzitoe wapi? Si kwa ujumbe uliotumwa mara mia kwenye simu bila jina la aliyeuandika. Sikilizeni Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani, ubalozi wa nchi mnayokwenda, na shirika la ndege lenyewe. Laini ya Wizara ya Afya ni 719, na haitozi pesa. Wahamasishaji wa afya ya jamii wako vijijini kwenu. Wasichoweza kujibu watatuletea sisi.

Kwa kumalizia, ombi langu ni moja. Kila boma lenye tiketi iliyonunuliwa, usiku wa leo litoe tiketi hiyo lisome masharti yake, hata kama hakuna ugonjwa wowote uliotangazwa. Ni rahisi kujua njia ya kutokea nyumba ikiwa haijashika moto.

Sasa niulizeni maswali.