Ndege za Kivita na Anga ya Ziwa

Baada ya habari, msikilizaji, tuinue macho kidogo. Wewe unayeanika omena pale Usenge, pengine unasema ndege za kivita zakuhusu nini. Subiri.

Februari 1976, Rais Idi Amin wa Uganda alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, kwa kuwa hadi 1902 ilitawaliwa kutoka huko. Bondo yetu ilikuwamo. Na Amin alikuwa na ndege zake za kivita za MiG Entebbe, ng'ambo tu ya maji haya ya ziwa! Jeshi letu la Anga, lililoundwa Juni 1, 1964, lilikuwa na ndege chache kuukuu za Hunter za Waingereza. Serikali ikaagiza ndege za F-5 kutoka Marekani, zikaanza kutua 1978. Kwa maneno mengine, si vita vilivyolikuza jeshi hilo, ni hofu ya vita.

Sasa, wapo wasemao pesa za ndege hizo hazikupotea: tangu 2011, F-5 zimeshambulia ngome za al-Shabaab Somalia. Sawa. Lakini tusikie na upande wa pili. Agosti 1, 1982, askari wa jeshi hilohilo waliigeukia serikali yenyewe wakajaribu kuipindua, na baadaye Jaramogi Oginga Odinga, mzee wetu wa Bondo, akihusishwa na jaribio hilo, akafungiwa nyumbani kwake Kisumu.

Basi tuulizane: mvuvi anayenyang'anywa nyavu karibu na kisiwa cha Migingo, anahitaji ndege ya kivita iliyoko kambini Nanyuki, au boti ya doria iliyo na mafuta?