MTOAJI MSAADA NAYE APIMWE
Hotuba kwa wanaharakati na waumini wa Kitui na Makueni



Sisi wa Kitui na Makueni hatukujifunza njaa vitabuni. Ile ya mwaka wa 1984 wazee wetu waliiita Nikw'a Ngwete, yaani, nafa na fedha mkononi. Pesa zilikuwapo, chakula hakikupatikana. Jina hilo ni hukumu: fedha zilizotangazwa mbali si chakula mpaka sufuria iteleke.

Novemba 1991, serikali za wafadhili zilikutana Paris, zikasimamisha misaada mipya kwa Kenya zikidai mageuzi. Mwezi uliofuata, kifungu cha 2A, kilichohalalisha chama kimoja pekee, kikafutwa katika Katiba. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini adaiye uwajibikaji naye hana budi kuwajibika. Mwaka wa 2003, huko Stockholm, wafadhili walikubaliana kwamba misaada ya dharura itolewe kwa kadiri ya shida, bila upendeleo, na kwamba wasaidiwao washirikishwe. Basi na tuwapime kwa pishi yao wenyewe.

Je, msaada hufuata shida? Kwa miaka mingi, sheria ya Marekani iliagiza kwamba sehemu kubwa ya chakula chake cha msaada inunuliwe kwao na angalau nusu isafirishwe kwa meli zao. Mwenye meli alilipwa kabla mwenye njaa hajapata kibaba. Na mwaka wa 2025 shirika la USAID lilipovunjwa, uamuzi ulifanywa Washington. Vijiji vyetu havikuulizwa.

Je, msaada hufika kwa wakati? Tukumbuke mwaka wa 2004. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Kufikia Julai 20, watu 317 walikuwa wameugua, na 125 kati yao wamefariki. Wengi wa wagonjwa hao walitoka Makueni na Kitui. Mama mwenye debe moja la mahindi hawezi kulimwaga kwa neno la afisa tu. Atalimwaga aonapo debe jingine mlangoni. Hapo, kuchelewa kwa siku moja ni kaburi.

Wala tusiwatwike wageni mzigo wote. Mwolyo umewahi kufanywa chambo cha kura mbele ya macho yetu, nasi tukanyamaza. Tangu mwaka wa 2010, Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora ufaao. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Mwenye haki haombi, hudai.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, hesabu ya magunia yaliyotoka na yaliyofika ibandikwe hadharani, penye ofisi ya chifu na mlangoni pa kanisa. Pili, wagawaji wachaguliwe na wanakijiji wenyewe, akina mama wakiwamo. Tatu, nafaka inunuliwe karibu kila iwezekanapo, na ipimwe unyevu na sumu kabla ya kugawiwa.

Yusufu aliweka akiba Misri kabla ya ukame, si baada ya mazishi. Nasi tusingoje mvua zikose tena ndipo tuulize. Tukitoka hapa, kila kanisa na lichague watu wake wa kuhesabu magunia.