Kabla Hatujanunua Betri: Maneno Kuhusu Land Rover ya Shule

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa Wanafunzi wa Zamani)



Niliombwa niseme juu ya maisha ya mtumishi wa serikali, na hotuba nilikuwa nayo tayari. Lakini jana jioni nilizunguka nyuma ya karakana nikaikuta Land Rover ya shule imekaa chini ya mwembe, na Mwalimu Mkuu akanieleza kwamba haiwaki, na kwamba kamati yetu imekubali kutoa fedha za betri mpya na starta mpya. Kwa idhini yenu nitaiacha hotuba yangu mfukoni. Ninaomba fedha hizo zisitoke kwanza.

Sisemi hivi kwa ubahili. Mwaka 2011 nilifanya kosa la namna hiyo hiyo, na nusura limpotezee mtu kazi.

Wakati huo nilikuwa nasimamia idara ndogo katika halmashauri moja. Gari letu lilikuwa Land Rover Series III ya petroli, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, na lilikuwa limenizidi umri. Asubuhi starta ilijikokota mara mbili tatu, kisha kimya. Fundi akasema betri imekufa, tukanunua. Baada ya majuma machache mambo yakawa yale yale, tukanunua ya pili. Ilipoanza nayo kusumbua, minong'ono ikaenea ofisini kwamba dereva anauza betri mpya na kuweka mbovu. Nami, kijana mwenye digrii, nikamwandikia mzee yule barua ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu. Hata boneti sikuwa nimefungua.

Siku nne baadaye tulikuwa naye safarini vijijini, gari likagoma kuwaka mbele ya zahanati. Barua yangu alikuwa bado hajaijibu. Alifungua boneti akaniambia, "Mkuu, shika waya wa choki hapa, mimi nipige starta." Nikashika. Nikauachia upesi, maana ulikuwa wa moto kama mshikio wa sufuria.

Waya wa choki, ndugu zangu, ni wa kuvuta kwa mkono tu. Kazi yake ni kwenye kabureta na haina uhusiano wowote na umeme. Mzee alikuwa amekwisha kuona jambo hilo na kuwaeleza mafundi, wakamcheka. Mimi hakunieleza, utamweleza nini mtu aliyekuandikia barua ile?

Hapo ndipo nilipokumbuka ubao wa mwalimu wetu wa fizikia, ambaye namwona ameketi mstari wa mbele. Alituchorea betri, swichi na balbu, akasema umeme ni lazima urudi ulikotoka. Katika gari kama hilo umeme huenda kwa waya kutoka nguzo chanya ya betri, lakini hurudi kwenye nguzo hasi kwa kupitia chuma cha gari lenyewe. Sasa, injini imekalia mipira ili isitikise gari, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo huwekwa waya bapa wa kusuka unaounganisha injini au giaboksi na chesisi. Mafundi huuita waya wa ethi. Tulipoingia chini ya gari tulikuta tundu la bolti lenye kutu, na waya haupo. Miezi kadhaa nyuma giaboksi ilikuwa imeshushwa, na aliyeirudisha hakuurudisha.

Starta hutaka zaidi ya ampea 100. Zilipokosa njia yao zilijipitisha kwenye waya wa choki, mwembamba kama ulivyo, nao ukachemka. Altaneta nayo iko kwenye injini, hivyo hata kuijaza betri kulikuwa kwa taabu. Betri zote mbili zilikuwa nzima. Mzee alichukua waya mnene wa kuwashia gari, akaufunga kutoka nguzo hasi ya betri hadi kwenye chuma cha injini, akapiga starta. Injini ikawaka mara moja.

Barua ile niliifuta kwa barua nyingine, na kuiondoa kwenye jalada kulinichukua muda mrefu kuliko kuiandika. Mzee aliisoma, akaikunja, akasema "Haya," kisha akaomba Jumamosi moja na msasa ili asafishe viungo vyote vya ethi. Nilikwenda naye, na mengi ya nitakayosema sasa yametoka kwenye mikono yake.

Bodi ya Land Rover hizi kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, na chesisi ni chuma cha kawaida kinachoshika kutu. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, hulana. Katikati hufanyika unga mweupe ambao kwa macho si kitu, lakini kwa umeme ni ukuta. Ndiyo maana taa za nyuma huonyesha vituko. Ukiwasha indiketa, taa ndogo nayo inakonyeza. Ukikanyaga breki, taa nyingine zinafifia. Watu hubadilisha balbu, hubadilisha swichi, na wengine huanza kukatakata waya. Balbu hazina kosa. Umeme umekosa njia ya kurudi ukapenya kwenye balbu ya jirani. Fungua skurubu ya ethi ya taa hiyo, kwangua mpaka metali ing'ae, paka grisi, funga.

Kwa starta, mita ya bei ndogo inatosha. Weka mita kwenye volti, ncha moja juu ya nguzo hasi yenyewe ya betri, si kwenye klipu yake, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige starta. Ukisoma zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu, usimsumbue muuza betri. Kisha pima hivyo hivyo kutoka nguzo chanya hadi kwenye bolti nene ya starta. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6, na injini ikinguruma isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikibaki 12, tazama altaneta na mkanda wake.

Waya wenyewe hujieleza kwa rangi, kama hakuna aliyekwisha kuwachanganya. Mweusi ni ethi. Mweupe hutoka kwenye swichi ya ufunguo. Wa kijani umepita kwenye fyuzi na hufanya kazi ufunguo ukiwa umewashwa. Wa bluu ni taa kubwa, mwekundu taa ndogo. Wa kahawia mwogopeni: una umeme wakati wote na haujapita kwenye fyuzi, na ukichubuka ukagusa bodi, gari linaweza kuungua mkiwa mnatazama. Kwa hiyo kabla ya kugusa lolote, ondoa kwanza kebo ya hasi. Ukianza na ya chanya, spana ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hutazisahau. (Wenye Land Rover za miaka ya 1950 watazame vizuri, maana kwa nyingi za wakati huo ni chanya iliyofungwa kwenye bodi.)

Ndugu Mwenyekiti, jana nilimwuliza dereva wa shule kama gari liliwahi kushushwa injini. Akasema ndiyo, likizo iliyopita, kubadilisha klachi. Sikuwa na mita wala taa, na giza lilikuwa limeingia, kwa hiyo siapi kwamba ugonjwa ni ule ule. Lakini mita ninayo chumbani, na msasa mwalimu wa ufundi amenikubalia. Kesho saa moja asubuhi, kabla ya chai, nitakuwa chini ya mwembe na dereva. Namwomba mwalimu wetu wa fizikia aje asome mita, na mtunza hazina aje na fedha zake, ila azishikilie mpaka tumalize.