Mume Hatoi Matunzo: Je, Jela Ni Dawa?

Leo tunazungumzia matunzo ya mke, na mume anayekaidi amri ya mahakama.

Tuchukue mfano. Mama mkimbizi ametelekezwa na mumewe. Mahakama imeamuru mume alipe matunzo kila mwezi. Miezi minne imepita, hajatoa hata senti. Mama amechoka, anasema: "Basi afungwe!" Je, anaweza kufungwa? Na akifungwa, mama atapata nini?

Kwanza tujue ni sheria ya nani. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unamtaka mkimbizi atii sheria za nchi iliyompokea, na unampa haki ya kufika mahakamani. Ndoa uliyofunga Kongo au Burundi haikufutika ulipovuka mpaka.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamtaka mume ampe mkewe malazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo wake. Mke mwenye uwezo naye ana wajibu huo, ikiwa mume ameshindwa kujitafutia kwa sababu ya maradhi ya mwili au akili. Mume akimtelekeza mke bila sababu ya msingi, mahakama inaweza kuamuru alipe matunzo. Katika kupanga kiasi, huangalia uwezo na mahitaji ya wote wawili.

Asipolipa je? Amri ya mahakama si ombi. Mke anaweza kurudi mahakamani kuomba itekelezwe. Mali ya mume inaweza kukamatwa. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, mume anaweza pia kuwekwa gerezani kama mfungwa wa madai, kwa muda usiozidi miezi 6. Lakini anapaswa kupewa nafasi ya kueleza kwa nini asifungwe. Akithibitisha kwamba hana kitu kwa sababu ya umaskini, mahakama inaweza kukataa kumfunga. Jela hii imewekwa kwa ajili ya mwenye nacho anayekaidi.

Sasa sikilizeni vizuri, akina mama. Anayeomba mdaiwa afungwe ndiye anayetoa pesa za kumlisha gerezani. Mama anayehangaikia unga wa watoto atazitoa wapi? Tena, mume akitoka jela, deni liko palepale. Na akiwa ndani halimi, hauzi, wala hapati posho ya kazi.

Kwa hiyo jela iwe mlango wa mwisho. Mwenye pesa aliyezificha, akiitwa mbele ya hakimu, huenda akakumbuka alikoziweka. Lakini asiye nazo, kumfunga hakutajaza sufuria.

Mama, tunza nakala ya amri ya mahakama. Andika kila mwezi ulicholipwa na ambacho hukulipwa. Kama mume ana duka, mifugo au mshahara, ieleze mahakama, uombe deni lilipwe kutoka huko kwanza.

Baba, ukipoteza kazi au ukiugua, usikae kimya. Nenda mahakamani uombe kiasi kibadilishwe. Ukikaa kimya, utaonekana umekaidi. Na kila unapolipa, mwandikiane mbele ya shahidi.

Nyote wawili, anzeni kwa watoa msaada wa kisheria kambini. Mkihitaji kwenda mahakama iliyo nje ya kambi, ombeni kibali kwanza kwenye ofisi ya Serikali. Na mama, ukipigwa au kutishiwa kwa sababu umedai haki yako, hilo si suala la matunzo tena. Kimbilia polisi siku hiyohiyo.

Ndugu msikilizaji, kabla ya kusema "afungwe", jiulize: kesho watoto watakula nini? Jibu la swali hilo ndilo la kupeleka kwa hakimu.