Ilani ya Kuondoka Dukani



Wako wenye nyumba wengi katika Kenya wadhanio kwamba jengo likiwa lao, basi wana haki ya kulifunga duka la mpangaji kwa kufuli siku yo yote wapendayo. Sivyo isemavyo sheria. Tangu mwaka 1965 iko sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, nayo humlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba wa muda usiozidi miaka 5. Muuza unga aliyepatana kodi kwa mdomo tu, bila karatasi yo yote, naye yumo katika ulinzi huo.

Mwenye nyumba atakaye kumwondoa mpangaji wa namna hii sharti ampe ilani ya maandishi kwa jinsi iliyoamriwa na sheria, na ilani hiyo haiwezi kuanza kazi kabla ya kupita miezi 2 tangu mpangaji aipokee. Sharti pia itaje sababu. Yaweza kuwa kodi iliyocheleweshwa miezi 2, au jengo kutaka kubomolewa, au mwenyewe kutaka kulitumia kwa muda usiopungua mwaka 1. Kusema tu kwamba amepatikana mtu mwingine atakayelipa zaidi si sababu.

Lakini hatari kubwa imo katika kimya cha mpangaji. Wengine wakipewa karatasi hiyo huikunja na kuiweka chini ya mizani, wakitumaini hasira ya mwenye nyumba itapoa. Kumbe ilani humtaka mpangaji ajibu kwa maandishi katika mwezi mmoja, kama akubali au akataa. Akikataa, apeleke shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe iliyotajwa. Hapo ilani haina nguvu mpaka Baraza liamue, naye huendelea kuuza na kulipa kodi kama kawaida. Asipofanya lo lote, siku ikifika ilani hutimia, hata kama alikuwa na hoja njema za kujitetea.

Baraza likiamuru mpangaji aondoke, amri hiyo huandikishwa mahakamani na kutekelezwa kama hukumu. Si kazi ya vijana waliokodiwa wenye nyundo. Asiyeridhika, awe mwenye nyumba au mpangaji, ana siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.